Kaka Yangu na Simu Zisizokumbuka

Ndugu wa familia, majirani, walimu wenzake marehemu, wanafunzi wake wa zamani ambao nawaona mmejaa mpaka nje ya mlango, na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza, poleni na asanteni, mimi ni mdogo wake marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa, opereta wa simu mstaafu, na familia imeniteua kuisoma historia hii kwa sababu mbili, ya kwanza ni kwamba nimemfahamu kwa muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote humu ndani isipokuwa mama yetu, na ya pili ni kwamba sauti yangu ililipwa mshahara kwa miaka thelathini na mmoja ili isikike vizuri.

Karatasi nilizopewa zimepigwa chapa na mtoto wake wa kiume, kazi safi, kurasa mbili, tarehe zote sahihi, lakini kwenye ukurasa wa kwanza kuna sentensi moja ya mwaka 1975 ambayo nimeikata kwa kalamu asubuhi ya leo, na karatasi zangu mwenyewe nimezichomeka katikati, kwa hiyo mwanangu ukisikia shangazi yako ameacha njia usinivute gauni, nitarudi. Sentensi hiyo imesemwa katika familia yetu kwa miaka arobaini na minane, inamsema vibaya marehemu, na aliyekuwa akijua kwamba si kweli, ukimwondoa yeye mwenyewe, ni mimi peke yangu. Nataka nikishuka hapa pasiwe na mtu wa kuirudia tena.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 11 Februari 1947, siku ya Jumanne, saa tisa alasiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya vyumba vinne iliyokuwa imepakana na kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne, baba yetu akiwa karani wa mizani katika kiwanda hicho na mama yetu akiwa mshonaji, na tunamshukuru Mungu kwamba mama yupo nasi leo, safu ya mbele kabisa, ana miaka tisini na mitano, na kifaa chake cha masikioni kimewekwa betri mpya, nimehakikisha mwenyewe.

Utoto wake ulikuwa wa kawaida, alipanda ukuta, alivunja kioo cha jirani, alichapwa, lakini mimi nina jambo moja la kusimulia, ambalo ni mchezo wa nyoka na ngazi tuliochorewa na baba nyuma ya kalenda ya kiwanda, siku moja nikiwa na miaka sita nilimezwa na nyoka yuleyule mara tatu mfululizo, nikalia, nikasema sasa ni zamu yangu kupata sita kwa sababu nimeonewa sana, na kaka, ambaye hakuwa hata na miaka kumi, akaishika dadu mbele ya pua yangu na kuniambia, "Hii haikujui, na haijui umelia." Nikamrushia ubao mzima. Mama alitutenganisha, na kaka akabaki amekaa sakafuni akiiangalia ile dadu kwa muda mrefu sana, na mpaka leo mimi nasema masomo yake yote yalianzia pale sakafuni.

Alianza shule ya msingi mwezi Januari 1954 na kumaliza Desemba 1960, akaendelea na sekondari kuanzia 1961 hadi 1966, ambako alikuwa wa kwanza darasani katika hesabu na wa mwisho katika kuimba, kisha akajiunga na chuo kikuu mwezi Julai 1967 na kupata shahada yake ya kwanza ya hisabati tarehe 21 Novemba 1970, baba akavaa suti ya kuazima iliyombana mabegani, na kwenye picha ya siku hiyo wote mnaona hakuweza kushusha mikono. Alifundisha miaka miwili, kisha mwaka 1973 akarudi chuoni kwa shahada ya pili, na hapo ndipo alipokutana na nadharia aliyoipenda maisha yake yote, ambayo sisi nyumbani tuliisikia mezani mara nyingi kiasi kwamba hata mimi niliyeishia kidato cha nne naweza kuwaeleza.

Nadharia hiyo inahusu mambo yanayokwenda kwa bahati, hatua kwa hatua, kutoka hali moja kwenda nyingine, na hali zenyewe zinahesabika, sifuri, moja, mbili, tatu, hata kama hazina mwisho, na sharti lake kubwa ni kwamba mwenendo huo hauna kumbukumbu, maana yake ukishajua jambo liko wapi sasa hivi, kujua lilikopitia hakukuongezei kitu chochote katika kukisia litakwenda wapi. Ukiwa chumba cha ishirini na tano kwenye nyoka na ngazi, dadu haiulizi kama umefika hapo kwa kupanda ngazi au kwa kutemwa na nyoka. Alisema pia kwamba mazungumzo ya simu yana tabia hiyohiyo, kwamba mtu aliyekwisha ongea dakika ishirini hajakaribia kumaliza kuliko aliyeanza sasa hivi, na akaongeza kwamba hata wasomaji wa historia misibani wako hivyo, kwa hiyo naomba msiangalie saa.

Sasa nimefika kwenye karatasi zangu.

Mwaka 1974 mimi nilikuwa opereta katika kituo cha simu, ghorofa ya pili, ubao namba moja, enzi ambazo kila anayetaka kupiga simu ya mbali aliwasha taa ndogo mbele yangu, nami nikachomeka waya na kumuunganisha, na taa zilizowaka zilikuwa ndiyo foleni ya wanaosubiri. Kaka alihitaji foleni ya kweli ya kuipima nadharia yake, akaniomba kwamba kila dakika, saa ya ukutani ikigonga, niandike taa ngapi zimewaka, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa sita mchana, siku za kazi, kwa wiki sita, kuanzia tarehe 4 Novemba hadi tarehe 13 Desemba, na alininunulia madaftari sita, kila wiki moja. Wiki tano nilifanya kazi ile kwa uaminifu ambao sijawahi kuufanyia kitu kingine, mkono wa kulia kwenye waya, wa kushoto kwenye kalamu, na kwa sababu hiyo mpaka leo ninaandika kwa mikono yote miwili.

Wiki ya sita alihamishiwa kituoni kwetu fundi wa laini, kijana mrefu, mwenye kicheko kinachosikika ghorofa ya chini, na siku ya Jumatano, Alhamisi na Ijumaa ya wiki ile, kuanzia saa nne hadi saa sita, mimi nilikuwa kwenye stoo ya betri nikinywa chai naye, mwenzangu wa ubao wa pili akinishikia taa zangu bila kujua lolote kuhusu daftari. Fundi huyo ndiye mume wangu, yupo safu ya pili, na habari hii anaisikia leo kwa mara ya kwanza, nitaongea naye nyumbani. Nikirudi kwenye kiti nilijaza daftari kutoka kichwani, namba mia tatu na sitini kwa siku tatu, na nilijiona hodari, nilikuwa nazitawanya kama mtu anayepanga viatu mlangoni ili vionekane havikupangwa, mbili, tatu, tano, nne, mbili, moja, tatu, nikiona zimepanda nazishusha, nikiona zimetulia nazichokoa.

Kaka aliyachukua madaftari akayapima moja moja, na alichokuwa anatafuta kilikuwa hiki, ikiwa sasa hivi wanaosubiri ni watatu, je, dakika inayofuata inategemea kama walikuwa wawili wakaongezeka au walikuwa wanne wakapungua, na katika madaftari matano jibu lilikuwa hapana, haitegemei, kama nadharia inavyosema, lakini katika daftari la sita jibu likawa ndiyo, tena kwa kishindo. Akaacha kula. Mwezi Februari akanipigia simu kazini, taa ikawaka kwenye ubao wangu mwenyewe, nikasikia sauti inatetemeka kwa furaha, "Mdogo wangu, simu zenu zinakumbuka," na mimi, ambaye sikujua maana ya sentensi ile ni nini, nikamwambia hongera.

Tarehe 14 Machi 1975, mbele ya wahadhiri na wanafunzi wapatao thelathini, kaka alisimama ukumbini na kutangaza kwamba kituo kimoja cha simu kina kumbukumbu katika siku tatu za mwezi Desemba, jambo ambalo hakuna aliyepata kuliona, na mtahini mmoja mzee akanyoosha mkono akauliza ni nani aliyehesabu, kaka akajibu kwamba amehesabu mtu anayemwamini kuliko anavyojiamini yeye mwenyewe, na yule mzee akamwambia vizuri, lakini nenda ukahesabu tena. Kuanzia tarehe 18 hadi 20 Machi alikaa kwenye stuli nyuma ya kiti changu, asubuhi zote tatu, akihesabu taa, na mimi nilichomeka waya kwa siku tatu nikihisi macho yake kwenye kisogo changu ingawa alikuwa anaangalia taa tu. Siku ya kwanza ilipita dakika kumi na moja bila taa hata moja, siku ya pili maji yalikatika mjini na taa zikafika kumi na tisa, na nilipoona hivyo nilielewa, kwa sababu katika namba zangu hapakuwa na ukimya mrefu wala fujo kubwa, nilikuwa nimeona haya kuandika sifuri kumi na moja mfululizo, na simu haina haya.

Siku ya tatu, saa sita kamili, alifunga daftari, akavua miwani, akasema taratibu ili mwenzangu asisikie, "Simu hazikumbuki, anayekumbuka ni mtu, ukitunga namba unakumbuka ulichoandika mstari wa juu." Nikavua vile vyombo masikioni. Akaniuliza nilikwenda wapi, nikasema kunywa chai, akauliza na nani, nikamwonyesha kwa kidevu fundi aliyekuwa juu ya ngazi, akamwangalia muda mrefu, kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akaniuliza, "Chai ilikuwa nzuri?" Nikasema ilikuwa nzuri. Akasema, "Basi," akachukua koti lake akaenda chuoni.

Huko aliwaambia watahini kwamba makosa ni ya kuhesabu na ni yake, kwa sababu opereta aliyebainika kuacha ubao alikuwa anafukuzwa siku hiyohiyo, na hilo alilijua. Tasnifu ikakataliwa, akapewa miaka minne ya kuirudia, na nafasi ya kwenda kusoma shahada ya udaktari wa hisabati nje ya nchi mwezi Septemba mwaka ule, ambayo barua yake ilikuwa imeshafika nyumbani na baba ameshaiweka kwenye fremu, ikapewa mtu mwingine. Barua ya pili iliposomwa mezani ilikuwa na maneno matatu, makosa ya kuhesabu, na baba yetu, karani wa mizani, mtu ambaye hakuwahi kukosea gramu, alikunja ile barua akaiweka mfukoni na hakuizungumzia tena mpaka alipofariki tarehe 2 Mei 1983. Hilo ndilo linaloniuma, sitalipamba, baba alikwenda akiamini mwanawe hajui kuhesabu, na mimi nilikuwa nimekaa kiti cha pili kutoka kwake nikila.

Hivyo, mwanangu, sentensi yako isemayo kwamba mwaka 1975 marehemu alishindwa kukamilisha masomo yake kwa wakati kutokana na makosa ya kuhesabu, isomeke kwamba mwaka 1975 mdogo wake alitunga namba mia tatu na sitini, na marehemu akazibeba.

Narudi kwenye njia. Alipata shahada yake ya pili tarehe 10 Novemba 1979 kwa namba alizohesabu mwenyewe, lakini kabla ya hapo, mwezi Januari 1976, alikuwa ameshaajiriwa kuwa mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari ya wavulana na wasichana iliyo nyuma ya kituo cha zimamoto, akafundisha hapo hapo, chumba hicho hicho namba saba, hadi alipostaafu tarehe 11 Februari 2007, na kwa kuwa mjomba wetu, dereva wa lori asiyejua kunyamaza, alimpachika jina la Nusu Profesa, jina hilo lilimfuata shuleni, wanafunzi wakalichukua, wazazi wakalichukua, na mwaka mmoja hata cheti cha mwalimu bora kililetwa kimeandikwa hivyo, akakitundika ukutani bila kusahihisha.

Alikuwa mwalimu wa kuchekesha bila kukusudia, aliingia darasani na dadu mbili mfukoni na chaki kwenye nywele, akikuta wanafunzi wamenuna kwa sababu ya mtihani wa wiki iliyopita alisema, "Huo umeshapita, leo upo wapi?" na mtoto aliyepata sifuri Jumatatu aliulizwa swali Jumanne kana kwamba yeye ndiye bingwa. Mwaka 1988 alikwenda dirisha la dawa la hospitali ya wilaya, akakuta madirisha matatu na foleni tatu, watu wakihama kutoka hii kwenda ile wakilaumu bahati, akarudi siku ya pili na kiti chake na daftari, akahesabu wiki nzima, kisha akamwomba mfamasia mkuu aweke foleni moja inayolisha madirisha yote matatu, watu wakagombana siku mbili, siku ya tatu wakazoea, na foleni hiyo ipo mpaka leo, mfamasia mkuu wa wakati ule amestaafu na nimemwona yule pale karibu na nguzo.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga ndoa tarehe 6 Agosti 1977 na wifi yangu mpenzi, mkutubi katika maktaba ya chuo, ambaye alimwona kwanza mwaka 1976 alipokuwa akiirudia tasnifu yake, akaazima kitabu kimoja na kukirudisha na kukiazima tena mara tisa, mpaka wifi akamwuliza kama ana matatizo ya kusoma. Siku ya kumposa alimletea karatasi yenye hesabu ya uwezekano wa yeye kukubali, wifi akaisoma yote, akatoa penseli kwenye nywele, akasahihisha mstari wa nne, akasema, "Mimi si basi, usinihesabie nitafika saa ngapi, uliza," naye akauliza. Asubuhi ya harusi aliripoti kwamba viti mia mbili vimefika, mama akamtuma mjomba akavihesabu upya, kisha akaenda kuvihesabu yeye mwenyewe, na kuanzia siku ile, kwa miaka yote, kila kitu alichohesabu kaka katika shughuli za familia kilihesabiwa tena na mtu mwingine nyuma yake, sahani, wageni, vitanda, na yeye alikuwa anasimama pembeni, mikono mfukoni, akitabasamu, na mimi nilikuwa natafuta kisingizio cha kwenda jikoni.

Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza ni binti aliyezaliwa tarehe 19 Juni 1978, fundi umeme wa majengo, wa pili ni huyu aliyepiga chapa karatasi hizi, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1981, na wa tatu ni binti aliyezaliwa tarehe 27 Oktoba 1986, daktari wa meno, na amewaacha wajukuu saba wanaomwita Babu Dadu, ambao aliwafundisha wote kushindwa nyoka na ngazi bila kulia, isipokuwa mmoja, ambaye amechukua kwangu.

Kaka alianza kuugua moyo mwezi Agosti 2021, akawa anahudhuria kliniki kila baada ya wiki sita, na alikuwa akirudi na furaha akinisimulia alikuwa wa ngapi kwenye foleni ya dawa na imekwendaje, mpaka tarehe 12 Septemba mwaka huu alipolazwa wodi namba nne, kitanda cha karibu na mlango. Nilikaa naye kila mchana. Mara nyingi katika miaka ile yote nilikuwa nimetaka kusema, kwa mama, kwa baba kabla hajafariki, kwa wifi, na kila mara kaka alinikata maneno, akisema hayo ni ya jana na jana haimo kwenye hesabu, na wodini nilijaribu kwa mara ya mwisho, nikamwambia nataka nimwambie mama, akaniuliza, "Leo mimi nipo wapi?" nikasema kitandani, "Na wewe?" nikasema kwenye kiti, akasema, "Basi tuanzie hapo."

Nikamwambia nadharia yako inafaa simu, kaka, inafaa foleni za dawa, haifai watu, watu tunakumbuka, mimi nimekumbuka kila siku kwa miaka arobaini na minane na wewe hukuwahi kuniuliza kama nimechoka. Akacheka mpaka mashine ikalia na muuguzi akaja mbio, akaniangalia mimi kama mkosaji, na kaka akamwambia muuguzi, "Mwache, ana haki, huyu ndiye hodari kwenye familia." Ruhusa hakunipa, msije mkasema alinipa, nimejipa mwenyewe. Alifariki siku ya Jumanne tarehe 3 Oktoba 2023, saa kumi na moja na dakika arobaini jioni, wifi akiwa ameshika mkono mmoja na mama ameshika mwingine, na kwenye nadharia yake kuna hali moja ambayo ukishaingia hutoki, wanafunzi wake mnaijua, aliifundisha bila kupunguza sauti na aliingia bila kulalamika.

Asubuhi ya leo, nilipokuwa namfunga mama vifungo vya gauni, nilimweleza yote, kwa sababu sikutaka asikie ukumbini pamoja na watu, na mama alingoja nimalize vifungo vyote, kisha akauliza, "Kwa hiyo viti siku ile vilikuwa mia mbili kweli?" Nikasema vilikuwa mia mbili, mama. Akasema, "Na mimi nilipata mia moja tisini na nane," akaanza kucheka, akacheka na kulia kwa pamoja, akanishika uso kwa mikono miwili, na hakunigombeza, ingawa nilikuwa nimejiandaa.

Lakini kuna jambo ambalo mama halijui, nami nimelijua juzi Alhamisi, walipokuja nyumbani wanafunzi wake wa zamani zaidi ya arobaini kutupa pole, wakakaa uani wakisimuliana na kucheka, na mmoja wao, mwalimu mkuu sasa, akaniuliza kama namjua mtu aliyeandika ukurasa wa pili. Nikauliza ukurasa gani. Akanieleza kwamba kila mwezi Januari, kwa miaka thelathini na mmoja, kila darasa jipya liligawiwa kurasa mbili za namba, moja imetoka kwenye simu na nyingine imetoka kwenye kichwa cha mtu, wakaambiwa watafute ipi ni ipi, wakabishana wiki nzima, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyesahau somo lile, na kwamba kila mwaka darasa lilimwuliza aliyetunga ni nani, naye alikataa kusema.

Akasema alikataa jina tu, mengine aliyasema. Aliwaambia kwamba mtu huyo alimzuia kupanda ndege, kwamba angepanda angekuwa profesa mahali pa baridi, asingerudi maktaba kurudia tasnifu, asingeulizwa kama ana matatizo ya kusoma, asingewapata watoto wake, wala asingesimama chumba namba saba mbele yao, na kwamba angeweza kumshukuru, ila mtu mwenyewe anadhani amefanya kosa, na kila anapotaka kulizungumzia analia. Niliyasikia hayo nikiwa nimeshika sinia la chai, nikaliweka chini, nikaenda kukaa chumbani. Mimi nilinyamaza kwa sababu alinikataza kukumbuka, naye alinikataza kwa sababu hakutaka niumie, na huku kila Januari, mbele ya watoto wa watu, alikuwa anakumbuka.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, hasa muuguzi aliyetusamehe zile kelele, nawashukuru majirani mliolala kwetu na kuosha vyombo tangu Jumanne, walimu wenzake mliokuja na basi la shule, wafamasia, mafundi wa simu wa zamani, na wote ambao muda hautoshi kuwataja, na sisi tuliobaki tunaahidi kumtunza mama na wifi kama alivyowatunza yeye. Wanafunzi wake, nawashukuru kuliko wote, na ninawajibu swali lenu la miaka thelathini na mmoja, ukurasa wa pili niliuandika mimi, kwa mkono wa kushoto.

Kaka, pumzika kwa amani, nami leo naenda nyumbani na yangu.